Pasi ya tatu ndiyo inayotuuza

Ukipita Minjila saa ya jua kali utawakuta vijana wa bodaboda kivulini, karata mkononi, wakingoja basi la Lamu au la Hola. Wengi ni wakali kweli. Ila wana ugonjwa mmoja ambao naona ni wa kizazi chetu chote cha Tana River: karata zikiwa za wastani, mtu anajikunyata na kungoja mgao mwingine. Leo nataka tubishane kuhusu hilo, na hoja yangu naitoa kwenye mchezo ambao pengine hujaucheza: briji.

Usikimbie. Ndiyo, sheria zake za leo zilipangwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, tena akiwa safarini melini. Lakini turufu, kopa na shupaza si unazijua tangu utotoni? Mimi chuo niliacha, briji nimejifunza kwa simu, siku ambazo intaneti imekubali. Watu wanne, wawili dhidi ya wawili, karata 13 kila mmoja. Tofauti ni kwamba kabla ya kucheza kuna mnada. Ukinadi "kopa 2", umeahidi kwamba kopa ikiwa turufu, wewe na mwenzako mtakula mizunguko minane kati ya 13: sita ya msingi na miwili uliyotaja. Anayefuata apande juu zaidi au aseme pasi. Zikifuatana pasi tatu, mnada umefungwa.

Sasa kaa kwenye kiti hiki. Mpinzani wa kulia kwako kanadi kopa 1, ukapita. Mwenzake kapandisha kopa 2, mwenzako akapita, na yule wa kwanza naye akapita. Zamu imerudi kwako. Pasi mbili zimeshasemwa, ya tatu ni yako. Mkononi una shupaza tano zisizo kali sana, kopa moja tu, na pointi 9. Unasema nini?

Wengi wetu tungepita. "Karata zenyewe ziko wapi?" Lakini hebu hesabu. Ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Mgao mzima una pointi 40. Wapinzani wangekuwa na nguvu wangepanda hadi kopa 4, kwa sababu zawadi nono iko huko. Wamekomea 2, basi mara nyingi hawazidi pointi 23. Zinazobaki ni zenu. Kama wewe una 9, mwenzako anazo 8 au zaidi. Kwa nini alinyamaza? Huenda kopa zimemjaa mkononi, akakosa cha kunadi. Kimya chake hakina maana kwamba hana kitu.

Angalia na bei. Wakitimiza kopa 2 wanapata 110. Ukinadi shupaza 2 mkatimiza, 110 ni zenu. Mkipungukiwa mzunguko mmoja, faini ni 50, na miwili ni 100, bado chini ya 110. Na wakichokozeka wakapanda kopa 3 wakaanguka, faini ni yao. Kwenye mashindano karata zile zile huchezwa meza nyingi na matokeo hulinganishwa, kwa hiyo tofauti ya 110 na 50 inaweza kukupandisha au kukuzika.

Mfaransa Jean-René Vernes aliandika mwaka 1969 kwamba ukijumlisha mizunguko ambayo kila upande ungekula kwa turufu yake, jumla hiyo hukaribia idadi ya turufu zenu na zao. Wao wana kopa nane, nyinyi shupaza nane: jumla 16. Kama wao wanaweza kula minane, basi nanyi mnakaribia minane. Kwa nini uwaachie kwa bei ya chini?

Usinielewe vibaya, sisemi kila mtu apayuke. Kuna siku pasi ndiyo akili. Kama wewe ndiye uliyejaa kopa, waache wahangaike na turufu yao. Kama wapinzani hawajakubaliana turufu, kila mmoja anavutia kwake, usiwaokoe. Na angalia kama upande wenu uko hatarini, jambo linalojulikana kabla ya mnada kuanza. Hapo kila mzunguko unaopungua ni 100, na mpinzani akitangaza maradufu, mmoja tu unakuwa 200. Hiyo umenunua hasara.

Kuna jingine la adabu. Mwenzako akisitasita sana kabla ya kusema pasi, huruhusiwi kujinufaisha na kule kusita kwake. Zile ishara za jicho tunazopeana maskani, huko ni makosa. Unaamka kwa hesabu yako mwenyewe. Naye mwenzako akumbuke kwamba umeshanadi kwa nguvu zake, asipande tena kana kwamba una hazina.

Haya, kwa nini nakuambia haya wewe wa Garsen? Kwa sababu minada yetu hufungwa hivyo hivyo. Mwaka 2008 mradi mkubwa wa miwa wa TARDA na Mumias ulipata kibali cha NEMA katika delta yetu, na wengi waliona mambo yamekwisha. Wapo wakazi waliokataa pasi ya tatu, mambo ya ardhi ya delta wakayapeleka kortini. Februari 2013 Mahakama Kuu ikaagiza mipango ya matumizi ya ardhi ya delta iandaliwe kwa kuwashirikisha wenyeji. Hawakuwa na ree zote mkononi. Walikataa tu delta iende kwa bei ya kopa 2.

Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Lakini bajeti ikisomwa mbele yetu, vijana tunatazamana. Huyu anasema mimi sina digrii, yule anasema mimi ni wa boda tu. Pasi, pasi, pasi. Imefungwa, na kesho tunalalamika maskani.

Kikao kijacho kikitangazwa, soma karatasi kabla ya kwenda. Hesabu zilizo kwao, kisha hesabu zilizo kwenu, pamoja na za yule jirani aliyenyamaza. Ukiona hasara inazidi faida, sema pasi, hakuna atakayekulaumu. Lakini kama hujahesabu, hiyo si pasi, ni woga.