Daftari Likiguswa, Mwenyewe Apashwe Habari

Ndugu msomaji, hapo zamani mtu aliyeweka fedha zake katika chama cha akiba alikuwa na kijitabu. Kila alipoweka au kutoa, karani aliandika katika kijitabu hicho na katika daftari kubwa la ofisi, kisha akagonga muhuri. Maandishi yalikuwa mahali pawili, na mwenye mali alirudi nyumbani na ushahidi wake mkononi. Siku hizi vijitabu vimepungua. Daftari limehamia ndani ya kompyuta, nalo huitwa kanzidata. Basi swali letu la Jumapili ya leo ni hili: mtu akibadili mstari mmoja katika daftari hilo usiloliona, ni nani atakayekuambia?

Jibu la mafundi ni kwamba daftari lenyewe likuambie. Mstari ukiguswa, barua itoke pale pale, bila ya kumsubiri karani akumbuke, na bila ya kumwomba ruhusa. Watu wengi wamekwisha kuionja faida ya jambo hili katika simu zao. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, wananchi walizoea kuona ujumbe wa uthibitisho mara tu fedha zinapoingia au kutoka. Kwa barua pepe kazi ni ile ile, ila barua hubeba maelezo marefu zaidi, na huweza kutunzwa miaka mingi.

Vitu viwili vinavyofanya kazi hii vilizaliwa karibu wakati mmoja. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya IBM huko California, alichapisha makala iliyoeleza jinsi ya kupanga kumbukumbu katika majedwali. Kanzidata nyingi za leo zimejengwa juu ya wazo hilo. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani, alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kupitia mtandao ulioitwa ARPANET, naye ndiye aliyechagua alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mwaka 1982 Jon Postel aliandika kanuni za kupokezana barua hizo, ziitwazo SMTP, na mpaka leo seva za barua husafirisha mizigo yao kwa kanuni zilizotokana na hizo.

Sasa tutazame jinsi mambo yanavyokwenda. Tuseme mama mmoja ana akiba ya shilingi 400,000 katika chama cha akiba na mikopo, na leo ametoa shilingi 50,000 za ada ya mtoto. Karani anaandika, na salio linakuwa 350,000. Ndani ya kanzidata imelazwa amri ndogo, ambayo mafundi huiita triga. Amri hiyo hulala kama mtego wa panya: haifanyi lolote mpaka mstari uliowekewa uguswe. Ukiguswa, inaamka na kuangalia salio la zamani na salio jipya, kisha inaandika katika jedwali lingine kwamba kuna barua ya kupelekwa. Programu ya pili hupita kila baada ya muda mfupi, huzichukua barua zinazosubiri, na kuzikabidhi kwa seva ya barua.

Pengine utauliza, kwa nini triga isiipeleke barua yenyewe moja kwa moja? Hapa pana hekima. Kanzidata iliyo bora hufanya kila shughuli kwa ukamilifu au isiifanye kabisa. Umeme ukikatika katikati, hurudisha mambo yalivyokuwa mwanzo, kana kwamba karani hakugusa kitu. Lakini barua iliyokwisha kuondoka hairudi. Ni sawa na maji yaliyomwagika. Mama yule angesoma kwamba shilingi 50,000 zimetoka, ilhali hazikutoka. Kwa hiyo barua huandikwa pamoja na shughuli yenyewe: shughuli ikithibitika, barua nayo huthibitika na kungojea safari, shughuli ikifutwa, barua nayo hufutika. Hapo ndipo taarifa inapokuwa ya kweli.

Hata hivyo, taarifa ya kweli pekee haitoshi. Ofisi yaweza kuamua kutuma barua kwa kila badiliko, hata la herufi moja. Mwisho wa mwezi faida ikigawanywa kwa wanachama 1,000, barua 1,000 hutoka kwa mara moja. Na mwanachama anayepata barua kumi kwa siku huacha kuzisoma zote. Mlinzi anayepiga kelele usiku kucha kwa kila jani lililoanguka, siku mwizi akija hakuna atakayeamka. Yafaa mabadiliko madogo yakusanywe katika barua moja ya siku au ya wiki, na barua ya papo kwa papo ibaki kwa mambo mazito: fedha kutoka, mrithi kubadilishwa, mkopo kuandikwa kwa jina la mtu, na anwani ya mwenyewe kuguswa.

Nasema anwani, na hapa ndugu msomaji nakuomba usome polepole. Mwizi mwenye akili haanzi kwa kuchukua fedha. Huanza kwa kuibadili anwani ya barua pepe ili taarifa zote zijazo zimwendee yeye. Endapo ofisi itapeleka habari ya badiliko hilo kwa anwani mpya tu, itakuwa imempasha mwizi habari za wizi wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo taarifa ya kubadilishwa anwani sharti iende kwenye anwani ya zamani, na fedha zisiruhusiwe kutoka kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kusema, "La, si mimi." Ni jambo dogo kwa fundi, lakini kwa familia ni tofauti kati ya kuwa na akiba na kubaki mikono mitupu.

Hatari nyingine imo majumbani mwetu. Mara nyingi mzee anapojiandikisha huulizwa anwani yake ya barua pepe, naye hana. Kijana aliyemsindikiza hutoa ya kwake, na mambo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo habari zote za mali ya mzee humwendea kijana. Akiwa mwaminifu, heri. Lakini yawezekana amehama, au amesahau neno lake la siri, na barua hulundikana mahali pasipo msomaji. Hali kadhalika kwa mume na mke walioweka akiba pamoja: ikiwa anwani iliyoandikwa ni ya mmoja tu, mwingine hukaa gizani, na aghalabu huja kuujua ukweli siku ya msiba au ya ugomvi. Iandikishwe anwani ya kila mmoja wao.

Kuna na waongo. Kanuni zile za mwaka 1982 hazikuweka njia ya kuhakikisha kwamba aliyejitaja kuwa mpeleka barua ndiye kweli. Kinga zimeongezwa baadaye, lakini walaghai bado huandika barua zinazofanana na za ofisi, zikisema, "Akaunti yako imebadilishwa, bonyeza hapa haraka." Taarifa njema hukueleza nini kimebadilika, lini, na uende wapi iwapo hukukifanya wewe, haikuulizi namba ya siri. Ukipata barua ya kukutisha, usibonyeze kitu. Piga simu ofisini kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, au nenda mwenyewe kwa miguu yako.

Wala tusidhani kuwa barua huzuia wizi. La hasha. Barua huja baada ya jambo kutendeka. Kazi yake ni kufupisha muda kati ya tendo na kujulikana kwake. Ikiwa mama atapata habari saa tatu asubuhi na kukuta ofisini mtu wa kumsikiliza saa nne, akiba yake yaweza kuokolewa. Ikiwa hakuna wa kumsikiliza, barua itakuwa imemwongezea uchungu tu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizohifadhiwa na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Itumie haki hiyo. Wiki hii, ndugu msomaji, ukipita katika chama chako cha akiba au benki yako, uliza maswali mawili: Ni anwani gani iliyoandikwa mbele ya jina langu? Na ikibadilishwa kesho, nani ataarifiwa? Ukiona karani anajikuna kichwa kwa swali la pili, mwombe mkuu wake, na usiondoke mpaka umelipata jibu.