Shujaa Juu ya Ukuta wa Ua



Likizo iliyopita tulikuwa Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, kwa jamaa zetu waliolowea huko kando ya ziwa. Alasiri moja tulimkuta mvulana wa miaka minane kasimama juu ya ukuta wa ua, leso ya mamake kaifunga shingoni, yu tayari kuruka. Alikuwa ametoka kutazama filamu ya shujaa arukaye angani. Mamake alimteremsha, akaizima runinga, kisha akatugeukia: “Filamu hizi tuzipige marufuku?”

Hatukumjibu papo hapo. Tuliona ni heri kwanza tutazame visa hivi hujengwaje.

Msingi wake wa kwanza si nguvu, bali udhaifu. Superman, aliyeanza katika vitabu vya katuni mwaka 1938, risasi hazimwingii, lakini jiwe la kriptonaiti humlegeza. Sisi watu wa pwani hatushangai, kwani tumelelewa na kisa cha Fumo Liyongo, ambaye silaha hazikumdhuru ila sindano ya shaba kitovuni. Waluo nao wana Luanda Magere, aliyekuwa na mwili wa jiwe. Adui walimwoza binti yao. Siku alipougua akamwambia mkewe amtibu kivulini, siri ikafichuka, na mkuki ukachomwa kivuli. Asiyeweza kushindwa hana kisa cha kusimuliwa. Na siri ya shujaa, aghalabu, hutokea nyumbani mwake.

Msingi wa pili ni kwamba nguvu ni amana. Katika filamu ya Spider-Man ya mwaka 2002, kijana Peter Parker anamwacha mwizi apite kwa sababu ya kinyongo tu. Usiku huohuo ami yake aliyemlea anauawa, naye anagundua kuwa muuaji ni mwizi yuleyule. Pwani ya Gwassi, humohumo Homa Bay, husimuliwa habari za Nyamgondho, mvuvi maskini aliyemwopoa bikizee ziwani akamkaribisha kwake. Mifugo ikajaa zizini. Alipolewa na kumtusi bikizee yule, mama huyo alirudi ziwani na mali yote ikamfuata. Visa ni viwili, funzo ni moja: aliyepewa ataulizwa.

Msingi wa tatu ni kukiacha kisa wazi. Tangu Iron Man ya mwaka 2008 hadi Avengers: Endgame ya mwaka 2019, filamu 22 ziliunganishwa kama shanga katika uzi mmoja. Majina ya waigizaji yakimalizika, kipande kifupi hutokeza ili mtazamaji atamani ijayo. Siwindhe, nyumba ya bibi walimolala watoto wa Kiluo wakisikiliza ngano, nayo iliwaita usiku baada ya usiku. Tofauti ni kwamba bibi yumo ndani na huulizwa. Runinga haiulizwi.

Lipo nasi tunalolikosoa. Filamu hizi hupenda mwokozi mmoja, nao umati hupiga mayowe tu. Mwaka 2018 ilitoka Black Panther, ambamo Mkenya mwenzetu Lupita Nyong’o aliigiza. Hata humo, mfalme T’Challa akishatupwa maporomokoni, huokolewa na watu wa kabila lililompinga, na mamake na dadake hushiriki kumrejeshea uhai. Mwaka huohuo UNESCO iliiingiza Thimlich Ohinga ya Migori katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta zake ni za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, na kila jiwe limeshikwa na mawe mengine. Ukuta ule uliwalinda watu na mifugo yao, wala haukusimamishwa na mtu mmoja.

Usiku ule tulimsimulia mvulana wetu kisa cha Luanda Magere. Alinyamaza, akainua mkono mbele ya taa, akakitazama kivuli chake ukutani. Kisha akamuuliza mamake, “Mama, na mimi nikisema mahali panaponiuma, watanichoma?” Hapo ndipo maneno yalipomtoka. Shuleni wakubwa humnyang’anya chakula chake, naye aliogopa kusema. Hakutaka kuruka ukutani kwa utundu; alitaka nguvu. Mamake alimvuta kifuani, na asubuhi yake akaenda shuleni kuzungumza na mwalimu.

Basi hili ndilo jibu letu. Chagueni filamu iliyo na staha, na mketi na watoto muitazame pamoja. Ikiisha, zimeni runinga muwaulize: Shujaa huyu adhurika wapi? Nguvu zake alipewa za nini? Nani alimsaidia? Kisha nyamazeni mwasikilize. Mtoto akieleza udhaifu wa shujaa, huenda anaeleza wake, na siri hiyo ikiwafikia, ihifadhini. Luanda Magere aliangamia kwa siri iliyotoka nyumbani. Wanetu na wasalimike kwa siri iliyotunzwa humo.