"Wingu" Nalo Huungua

Wapo wakuu wa mashirika na biashara ambao, wakiulizwa kumbukumbu zao zimehifadhiwa wapi, hujibu kwa fahari: "Ziko mtandaoni." Wakiisha kusema hivyo huona wajibu wao umekwisha. Hiyo ni kasumba, na haina budi kupigwa vita.

Kumbukumbu za mtandaoni haziko hewani. Zimo ndani ya mashine, mashine zimo ndani ya jengo, na jengo huungua. Usiku wa kuamkia Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyeumia, lakini tovuti kwa mamilioni zilizimika. Waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi kazini. Wengine walipoteza kila kitu. Wapo waliokuwa wamelipia huduma ya nakala, kumbe nakala zenyewe zilikuwa katika jengo lile lile! Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru mteja mmoja wa namna hiyo alipwe fidia. Lakini fidia haimrudishii mfanyabiashara orodha ya wadeni wake.

Je, lawama ni ya moto peke yake? Hasha! Ni ya kila aliyekabidhi mali bila kuuliza inalindwaje.

Tena kuna wanaodhani kwamba mtambo unaonakili kila badiliko papo hapo unatosha. Mtambo huo utanakili pia faili lililofutwa kwa uzembe, au lililofungwa na wahalifu wanaodai kikombozi. Nakala ya kweli hutunza hali ya jana na ya juma lililopita, wala haifunguliwi kwa neno la siri lile lile la kazi za kila siku.

Kanuni ya wajuzi ni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Anayelalamikia gharama na apige hesabu ya kulipa mishahara bila orodha ya wafanyakazi, au ya kudai deni bila stakabadhi.

Umefika wakati kila mkuu wa kazi aulizwe maswali matatu. Nakala iko wapi? Nani ameshika dhamana yake? Lini ilijaribiwa kurejeshwa, ikarejea kamili? Asiye na majibu ayatafute leo, asingoje kujibiwa na moto.