Maswali ya Utafiti Yatoke Katika Barabara Zetu

Husemwa mara kwa mara vyuoni kwamba sayansi haina kwao. Usemi huu una ukweli wake. Kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, kwamba sumaku ikisogezwa karibu na koili huzalisha umeme, yafanya kazi London kama ifanyavyo Ludewa. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba kwa kuwa kanuni za maumbile ni zile zile, basi maswali ya utafiti nayo yaweza kuazimwa ng'ambo jinsi yalivyo. Mhandisi anayeandika tasnifu ya shahada ya udaktari hutumia miaka mitatu, minne na hata zaidi juu ya swali moja. Taifa lenye wahandisi wachache halina budi kuuliza: jibu litakalopatikana litamfaa nani?

Natuangalie mifano miwili katika usafiri wa umeme.

Mfano wa kwanza ni betri ya pikipiki. Mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao ya kuunda betri za lithiamu. Betri hizi hutoa umeme wakati ioni za lithiamu zinaposafiri kutoka ncha moja kwenda nyingine. Sambamba na safari hiyo hutokea mabadiliko mengine ya kikemia yasiyotakiwa, nayo hula uwezo wa betri kidogo kidogo. Kila mwanafunzi wa kemia ajua kwamba joto huharakisha mabadiliko ya namna hiyo.

Aghalabu betri hupimwa maabarani katika nyuzi 25 za sentigredi. Lakini betri ya bodaboda wa Dar es Salaam mwezi wa Februari hukaa katika hewa yenye nyuzi zaidi ya 30, juu ya lami inayounguza, ikitikiswa na mashimo ya barabara, na pengine hutiwa chaji kabla haijapoa. Je, itadumu miaka mingapi? Kwa mwendeshaji aliyenunua chombo chake kwa mkopo, jambo hili si la vitabuni. Betri ni miongoni mwa sehemu zenye bei kubwa kuliko zote katika pikipiki ya umeme. Ikifa kabla ya deni kwisha, riziki ya nyumba nzima imo hatarini.

Mfano wa pili ni treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 hivi. Mwanafunzi aweza kukokotoa kazi ya kuinua tani moja hadi huko: kilo 1,000 mara 9.8 mara 1,100 ni jouli milioni 11 hivi, yaani kilowati-saa 3. Treni inaporudi pwani, mota yake yaweza kugeuzwa kuwa jenereta, ikapunguza mwendo huku ikirudisha umeme katika waya. Sehemu kubwa ya nishati hiyo huliwa na msuguano na upinzani wa hewa. Ni kiasi gani kinachoweza kuokolewa katika miteremko yetu, na treni ipi ipangwe kupanda wakati nyingine inashuka? Hilo latosha kuwa swali la tasnifu, na jibu lake halimo katika vitabu vya nchi nyingine.

Wako watakaosema kwamba utafiti wa aina hii wahitaji maabara za gharama kubwa. Ni kweli kwamba kuunda betri mpya kwahitaji mitambo ambayo vyuo vingi havina. Lakini kupima jinsi betri iliyopo inavyozeeka kwahitaji vipima-joto, vipima-mkondo, kumbukumbu zilizotunzwa vema, na subira. Joto lenyewe tunalo bure, na barabara zenye mashimo pia tunazo. Mtafiti wa nchi ya baridi hulazimika kujenga chumba maalumu ili apate hali tuliyo nayo sisi kila siku.

Ndugu mwalimu, kazi hii yaweza kuanzia darasani kwako. Wanafunzi na wapime joto la sanduku la betri ya pikipiki ikiwa kivulini, kisha ikiwa juani, kila saa kwa muda wa juma moja, waandike jedwali na kuchora grafu. Daftari hilo halitakuwa tasnifu. Lakini kijana aliyezoea kuuliza kwa nini betri ya jirani yake imekufa mapema, siku atakapofika chuo kikuu hatahitaji kuazima swali la kutafiti.