Msiing'oe Mimea ya Tangi Letu

Najua wengine watauliza, jarida la Kiswahili na tangi la samaki wapi na wapi? Tulieni, mtaelewa.

Nyote mnalijua lile tangi la kioo lililo katika maabara ya Biolojia. Muhula uliopita mimea yake ilianza kugeuka rangi ya manjano, na sasa kuna shauri kwamba ing'olewe yote na fedha za chama cha sayansi zinunue mimea ya plastiki ambayo, eti, haibadiliki rangi. Mimi napinga. Bila shaka plastiki haibadiliki rangi! Hata maiti haumwi kichwa. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na mbacha wetu huu wala haujachakaa. Una njaa tu.

Anayelima mahindi atanielewa haraka. Mahindi yakikosa nitrojeni, majani ya chini ndiyo hutangulia kuwa manjano, kwa sababu mmea huitoa nitrojeni katika majani makuukuu na kuipeleka kwa machanga, kama mama anayejinyima ugali ili mtoto ale. Madini ya chuma hayako hivyo. Yakishaingia katika jani hayahami kwa urahisi. Kwa hivyo chuma kikikosekana, majani machanga ndiyo hupauka, huku mishipa yake ikibaki kijani. Mimea ya majini nayo hufuata kanuni hiyo hiyo.

Sasa hebu nendeni mkautazame ule mmea wenye majani marefu kama utepe, uitwao Vallisneria. Majani ya zamani ni kijani kibichi. Yaliyochipuka juzi ndiyo yaliyopauka na kubaki na mistari ya kijani. Unalilia chuma.

Haya sikuyajua mapema, na hapo ndipo penye jambo ambalo sijamwambia mtu. Muhula huo uliopita nilichota konzi moja ya mbolea ya CAN kule nyumbani, nikaifunga katika karatasi ya daftari, nikaimwaga tangini wakati wa mapumziko. Nilidhani mbolea ni mbolea. Asubuhi yake tilapia wetu wadogo walikuwa juu ya maji wakihema, na kufikia saa nane mchana watano walikuwa wanaelea. Kumbe nitrojeni ya CAN kwa sehemu imo katika chumvi ya amonia, na maji yasipokuwa na asidi baadhi yake hugeuka amonia yenyewe, ambayo ni sumu kali kwa samaki. Mmea ulikosa chuma, mimi nikaupa nitrojeni! Ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo, tena chupa nzima. Aliyelaumiwa ni mzee wetu wa maabara, kwamba hakubadilisha maji. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza.

Chuma chenyewe hakihitaji pesa. Udongo wetu mwekundu, ule unaotuchafulia soksi kila asubuhi, rangi yake yatokana na chuma. Tuwahamishe samaki kwenye ndoo, tutandaze tangini udongo usiowahi kutiwa mbolea, unene wa sentimita 2 au 3, tuufunike kwa mchanga uliooshwa, kisha tupande upya. Kule chini ambako hewa haifiki, chuma huyeyuka na mizizi hukifikia. Maji ya mfereji yakae wazi siku nzima kwanza ili klorini itoke.

Ule mmea mwingine wa manyoya, Ceratophyllum, hauna mizizi kabisa. Wenyewe hufyonza chakula majini, na mpishi wake ni samaki: uchafu wao hutoa amonia kidogo kidogo, bakteria wakaigeuza kuwa naitreti, mmea ukala. Kidogo kidogo, nasema. Miaka ya 1990 gugu maji lilifunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria, na mojawapo ya mambo yaliyolinenepesha ni maji machafu na mbolea iliyosombwa kutoka mashambani.

Lakini hata tukiulisha vipi, mmea ulio gizani haujipikii chakula. Sisi ni shule ya kutwa. Ijumaa jioni mapazia hushushwa, mlango ukafungwa, na tangi hukaa gizani hadi Jumatatu. Likizo ndiyo usiseme! Kale kammea kekundu ka pembeni kalikogeuka kijani hakaugui. Ni mwanga hafifu tu. Tangi liwe karibu na dirisha ambapo jua haliligongi moja kwa moja, la sivyo mwani utajaa, na mapazia yaachwe wazi. Saa 8 hivi za mwanga kwa siku zatosha. (Ule utando wa kahawia unaofutika kwa kidole nao ni mwani. Futeni, msiogope.) Majani yaliyokwisha kupauka huenda yasirudi kijani, kwa hivyo tazameni yale yatakayochipuka baadaye. Tupeni muhula mmoja kabla ya kununua hiyo plastiki.

Jumamosi ya kwanza ya muhula nitakuja na udongo na mchanga. Nahitaji wenzangu wawili wa kubeba ndoo, na mtu wa kutufungulia mlango. Mtu huyo ni wewe, mzee wetu. Shikamoo. Nitakuja kwako kwanza, kabla sijagusa tangi.