Banda la Uani na Hisabu ya Mwenye Fedha Chache

Miongoni mwa mambo ambayo watu wa kipato kidogo huyatenda kwa pupa na kuyajutia kwa muda mrefu ni ujenzi wa banda la uani, yaani kile kijumba cha nyuma ya nyumba ambamo hutiwa majembe na makoleo, magunia ya mkaa na ya mahindi, baiskeli, vitanda vilivyovunjika miguu, na kila kitu ambacho mwenyewe hana moyo wa kukitupa wala nafasi ya kukiweka ndani. Kwa kuwa ni banda tu, watu hulidhania kuwa halistahili fikira. Na kwa kuwa fedha iliyotengwa ni chache, hudhani kuwa hata akili yafaa itengwe kidogo. Rai yangu ni kinyume cha hayo. Tajiri akijenga vibaya hubomoa akajenga upya, na hasara yake ikaishia katika daftari. Fakiri akijenga vibaya huishi na kosa lake, akalilipia kila msimu wa mvua. Kwa hiyo ni huyo mwenye fedha chache, kuliko mtu mwingine yeyote, apasaye kujua kwa yakini kila shilingi yake inatumwa kupambana na nini.

Inatumwa kupambana na maji. Maji huja kwa njia mbili: kutoka juu kwa mvua, na kutoka chini kwa unyevu wa ardhi, ambao humkaribisha mchwa na kuozesha mguu wa kila nguzo. Upepo ni msaidizi wake. Na mwizi, ambaye aghalabu ndiye anayeogopwa kuliko wote, huja mara chache kuliko masika. Walakini ukipita katika mitaa yetu, kuanzia Kisauni hata Temeke, utaona mabanda mengi ambayo fedha zake zimetumika kinyumenyume: mlango wa chuma wenye kufuli zito umepachikwa katika ukuta uliosimama juu ya mchanga mtupu, na paa ni bati jembamba lililokoma palepale ukuta unapokoma, likimwaga maji yote katika mguu wa ukuta uleule lililowekwa kuulinda. Mali imekwenda kwenye kile anachokiona jirani, na mvua imeachiwa kilichobaki. Mimi nasema kwamba sehemu kubwa ya fedha, hata ikifika theluthi mbili, yafaa iende kwenye msingi na paa, na ukuta ule makombo.

Kazi ya kwanza haina gharama ila subira. Mvua za masika, ambazo kwetu huanza Machi zikaendelea hata Mei, ni mpimaji wa ardhi asiyedai ujira. Mwenye kutaka kujenga na asimame uani siku ya mvua kubwa, atazame maji yanatoka wapi, yanatuama wapi na yanakimbilia wapi, kisha apige vigingi pale palipobaki pakavu. Ikifika Juni na upepo wa kipupwe, atakuwa na mahali pa banda lake na miezi kadhaa ya ukavu kabla ya vuli. Kama ukuta wa nyumba yake mwenyewe uko upande ufaao, ajenge kipenu cha kuuegemea, maana kwa kufanya hivyo atakuwa ameokoa ukuta mmoja katika nne. Mradi mwinamo wa paa uelekee mbali na nyumba, na pale bati linapokutana na ukuta pazibwe kwa kipande cha bati kilichokunjwa na kupachikwa ndani ya lipu. Mpaka wa jirani na mfereji wa mtaa viheshimiwe, na ofisi ya mtaa iulizwe mapema juu ya kibali, kwani hakuna banda ghali kama lile linalobomolewa kwa amri.

Baada ya hapo uje msingi, na hapa naomba pasiwe na ubahili. Mtaro uchimbwe mpaka ufike kwenye udongo mgumu, jambo ambalo kwa kijumba kama hiki mara nyingi halizidi nusu mita. Chini yake imwagwe zege ya fungu moja la saruji kwa matatu ya mchanga na sita ya kokoto, kisha ujengwe ukuta mfupi wa mawe utakaopanda sentimita 30 juu ya uso wa ardhi. Zege inywe maji kila siku kwa muda wa siku saba, maana inayokaushwa na jua kabla haijapevuka hupasuka. Juu ya mawe, kabla ya kuanza ukuta wenyewe, litandikwe karatasi la nailoni nzito ili unyevu usipate ngazi ya kupandia. Mchanga wa ufukweni usitumiwe, ijapokuwa uko karibu na watu wengi huuonea tamaa. Chumvi yake huvuta unyevu na kula chuma, na ufukwe nao huliwa na bahari pindi unapopungukiwa na mchanga wake. Hizo sentimita 30 za mawe ndizo zitakazoamua kama ukuta utaishi miaka mitatu au ishirini.

Tukipanda juu, kanuni ni kuuachia mti na bati kazi ya kutoa vipimo. Wazee wa Lamu na wa Unguja waliifuata kanuni hiyo tangu zamani: vyumba vya nyumba zao za mawe vilikuwa virefu na vyembamba, aghalabu chini ya mita 3 kwa upana, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari ya mawe na chokaa kwa masafa marefu kuliko hayo. Nasi tuliache bati liamue upana wa banda. Bati la mita 3, likilazwa juu ya banda lenye upana wa mita 2 na sentimita 20, ambalo ukuta wake wa mbele una kimo cha mita 2 na sentimita 40 na wa nyuma mita 2 kamili, litafunika mwinamo wote na kubakiza takribani sentimita 38 za upenu kila upande, bila ya kukatwa wala kuungwa. Anayeanza kwa kujenga upana wa mita 3, kwa kuwa hesabu hiyo ni nzuri masikioni, hulazimika kununua bati la pili kwa ajili ya kipande, na salio lake likalala uani likishika kutu.

Katika kununua bati yafaa kukumbuka kuwa namba ya geji ikipanda unene hushuka: la geji 28 ni nene kuliko la 30, na la 30 ni nene kuliko la 32. Karibu na bahari, ambako hewa yenyewe ina chumvi, bati jembamba huwa kama karatasi iliyokopwa, na tofauti ya bei kwa mabati matano au sita si kubwa kiasi cha kumfilisi mtu. Misumari yenye mpira ipigwe kwenye mgongo wa mawimbi ya bati, isipigwe kwenye mabonde yanayopitisha maji. Na makombamoyo yafungwe kwa waya uliolazwa ndani ya ukuta, kwani upepo wa kusi hauling'oi bati peke yake, huling'oa pamoja na kila lililoshikamana nalo.

Ukisha kupata mguu mkavu na paa pana, ukuta huwa jambo jepesi, na hapo ndipo iktisadi inapopata uwanja wake. Ukuta unaweza kuwa wa mbao zilizokwisha tumika kumwagia zege, wa madebe yaliyokunjuliwa, au wa matofali machache kuliko yanayozoeleka. Laurie Baker, msanifu majengo aliyezaliwa Uingereza mwaka 1917 na kuishi zaidi ya nusu ya umri wake Bara Hindi, aliwajengea watu wa Kerala nyumba za bei nafuu ambazo matofali yake ya kuchoma yalisimamishwa kwa ubavu, pakaachwa uwazi katikati ya ukuta. Kwa ufundi huo ukuta uleule huchukua takribani robo pungufu ya matofali, na uwazi uliomo huzuia joto. Ikiwa hekima hiyo ilitosha kwa nyumba za watu, seuze banda la majembe.

Lakini ukuta ninaoupendelea mimi ni ule uliodharauliwa kuliko zote, yaani wa miti na udongo. Nguzo husimamishwa, fito zikafungwa ndani na nje, udongo ukatomewa kati yake pamoja na vijiwe, ukakandikwa ukakauka, kisha ukasiribwa kwa chokaa. Watu huusema vibaya kwa kuwa wameuona ukimomonyoka. Walakini wameuona ukiwa umesimama moja kwa moja juu ya ardhi, chini ya paa lisilo na upenu, na hakuna ukuta wa thamani ya chini uwezao kuvumilia dhuluma hiyo. Ukinyanyuliwa juu ya mawe na kuvikwa upenu wa kutosha, udongo hudumu. Ugonjwa mwingine huletwa na mafundi wanaoupiga lipu ya saruji: ngozi hiyo ngumu hupasuka, maji hupenya katika ufa, kisha yakakosa pa kutokea, na ukuta ukaoza kwa ndani huku uso wake ukimetameta. Chokaa huupa ukuta nafasi ya kupumua. Ama nguzo, zisiwe za mikoko. Miti hiyo inalindwa na sheria kwa maslahi ya samaki na ya pwani, na bei yake haimfai mwenye fedha chache. Mivinje na mirunda yatosha, mradi imenywa dawa na miguu yake ikae juu ya mawe, isizikwe ardhini.

Kuhusu manunuzi, wengi hujenga kidogo kidogo, na husema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hii ni ya kweli kwa mawe, kokoto, mchanga na nguzo zilizokwisha kunywa dawa, ambavyo vyaweza kurundikwa uani mwaka mzima visiharibike. Kwa saruji si kweli: mfuko uliokaa miezi mitatu katika hewa ya unyevu umekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake, na uliokaa zaidi huwa jiwe. Basi mwenye mshahara wa mwezi na aanze kwa vitu visivyooza, kisha anunue mabati, na saruji aifanye ya mwisho, siku chache kabla ya kazi. Kufanya hivyo kuna faida ya pili, maana fedha iliyokwisha geuka mawe haiombwi mkopo na shemeji, lakini ile iliyo mfukoni, bandu bandu huisha gogo.

Kazi ya mikono nayo ipangwe vivyo hivyo. Kuchimba, kubeba na kukanda udongo ni mambo ya msaragambo, ambayo jamaa na majirani huyamaliza kwa siku moja wakipikiwa chakula cha heshima. Hata pembe za mraba hupatikana bila ya fundi, kwa kamba yenye vipande vya urefu wa 3, 4 na 5. Fundi alipwe, na alipwe vizuri, kwa msingi na kwa paa.

Najua jibu la wanaopenda banda la bati tupu, chini hata juu: kwamba ni jepesi, huisha kwa siku moja na halimwogopi mchwa. Ni kweli, na mwenye haja ya mwezi mmoja sina ugomvi naye. Lakini ndani yake mchana ni tanuri, na usiku jasho la bati huwadondokea mahindi. Na mara nyingi hujengwa bila ya msingi, hivyo kutu huanza kulila mahali pasipoonekana. Mwenye kuhesabu gharama ya siku ya kwanza tu atalichagua. Mwenye kuhesabu gharama ya miaka kumi, ambaye kwa haki ya hali yake ndiye fakiri, atamtafuta fundi ambaye akiingia uani swali lake la kwanza huwa maji yataelekea wapi. Na yule aanzaye kwa kuuliza mlango utapakwa rangi gani, atamshukuru kwa adabu na kumsindikiza hadi njiani.