Timu Nzima Uwanjani Inasali

Walioamua kwamba mtihani wa gredi ya sita hauhitaji insha ya Kiingereza, sidhani waliwahi kusahihisha daftari la mtoto wa Nyamira. Laiti wangesahihisha hata moja, wangejua walichokitupa. KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ikaondoka na insha yake ya alama 40. KPSEA, mtihani huo wa gredi ya sita ulioanza 2022, ni wa kuchagua: A, B, C au D. Mtoto anatia weusi penye jibu, karatasi inakusanywa, na mkono wake haujaandika hata sentensi moja.

Hoja za watetezi nazijua. Kusahihisha insha za watoto zaidi ya milioni moja ni ghali, na mashine haichoki. Isitoshe, watoto walikuwa wakikariri. Jua liling'aa katika kila insha, hata ya mazishi. Na mwalimu, tunaambiwa, atawapima uandishi darasani. Haya.

Sasa sikilizeni kisa cha barua moja. Mtoto wa jirani yangu hapa Keroka, aliye gredi ya saba, aliniletea barua ya kuomba basari niipitie. Mstari wa tatu: "My mother is sick and he cannot pick tea." Mama mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, leso begani. Mtoto huyu si mjinga. Katika Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, kama katika Kiswahili, kitenzi hakiulizi kama mtendaji ni mume au mke. Amekuja, basi. Kiingereza huuliza kila mara, na hakikupi nafasi ya kufikiri. Nikamwandikia swali la mtihani: mama ni "he" au "she"? Akachagua "she" kabla sijainua kalamu. Mtihani wa kuchagua ungempa alama zote. Alichokosa ni mazoea ya mkono, na mazoea hayo hayaonekani mpaka mtoto aandike mwenyewe, ya kwake, pasipo majibu manne yaliyopangwa mbele yake.

Na si "he" tu. Ekegusii kina nyakati zilizopita zaidi ya moja. Jambo la karibu halisemwi kama la zamani. Mtaalamu wa lugha Whiteley aliandika kitabu kuhusu nyakati hizo mwaka 1960. Mtoto aliyelelewa ndani ya mpangilio huo huutafutia mahali katika Kiingereza, akaandika "I have gone yesterday". Ni kosa la mtu mwenye akili. Kisha kuna sauti: p na l hazina makao katika Ekegusii, ndiyo maana mtoto huandika "pray" akikusudia "play", na timu nzima inakwenda uwanjani kusali. Nilicheka miaka mingi nikisahihisha hayo. Lakini kila kicheko kilikuwa somo la kesho yake ubaoni, kisha insha irudiwe, kisha nyingine. Sijui njia nyingine ya kuutibu ugonjwa huu.

Tumewahi kupita hapa. CPE, mtihani uliotangulia KCPE na kukoma 1984, nao ulikuwa wa kuchagua majibu, na kilichokosekana mtihanini kilikosekana darasani. KCPE ilipoingia 1985 ikaja na insha, na madaftari ya kuandikia yakapata kazi. Leo tumerudi kulekule kwa hiari yetu. Msiniambie mwalimu ataandikisha! Mwalimu yupi? Mwenye watoto sitini, mzazi anayedai matokeo, na rundo la karatasi za majaribio zenye A, B, C na D? Ataandikisha lini, usiku?

Halafu baadhi ya shule hizi zinamvisha mtoto diski ya aibu shingoni akikutwa anaongea Ekegusii. Mdomo unaadhibiwa, mkono unaachwa bila kazi. Kisha akifika sekondari anadaiwa kurasa nzima za insha, na watu wanashangaa Kiingereza kimeenda wapi.

Barua ile tuliiandika upya mara tatu. Mara ya tatu mama akawa mama, na mtoto mwenyewe ndiye aliyeligundua kosa la mwisho. Baraza la mitihani, KNEC, lirudishe ukurasa mmoja tu wa insha, mistari ishirini. Kama shida ni wasahihishaji, walimu wastaafu tumejaa hapa, kutoka Suneka hadi Borabu, na kalamu nyekundu bado tunazo.